Bibi Kipaza na Hesabu za Viti

Mhadhiri alikuwa na mwaka wa pili hajaona kitu zaidi ya mwanga wa dirisha pale mama mkwe wake alipokuja kukaa nao. Presha ya macho ilimwanza polepole, ikamlaghai kwa muda mrefu kwamba ni uchovu tu wa kusahihisha mitihani, kisha ikamnyang'anya jicho la kulia, na la kushoto likafuata. Mkewe ni muuguzi katika hospitali iliyo ng'ambo ya barabara ndogo inayopita nyuma ya nyumba yao. Zamu zilipombana, mtoto wao wa kike akiwa shuleni, mhadhiri alibaki peke yake na redio. Alishaunguza sufuria, alishamwaga chai juu ya kitabu cha mtoto, na asubuhi moja mkewe alimkuta amekaa sakafuni jikoni, hana hili wala lile, akisema alichoka kutafuta mlango.

Wiki ile ile simu ikapigwa, na mama mkwe akatua na mabegi yake.

Bibi huyu alikuwa amestaafu kazi ya kutangaza katika stesheni ya treni. Miaka nenda miaka rudi alikaa ndani ya kijumba cha vioo akiwaeleza abiria treni ipi iko njiani, ipi imechelewa, na nani ameacha mwavuli kwenye benchi. Sauti yake haikustaafu pamoja naye. Akikuomba chumvi, jirani wa nyumba ya tatu anakuletea. Wajukuu walimwita Bibi Kipaza, na yeye jina hilo alilivaa kama nishani.

Kwa mhadhiri, ujio huo ulikuwa mzigo mwingine. Mkwe ni mkwe. Alizoea kumpokea mama huyu akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, anamvulia kofia, anazungumza naye maneno mawili matatu ya heshima, basi. Sasa mama huyo huyo angemwona akipapasa meza kutafuta kijiko. Siku za mwanzo alijifungia chumbani, akidai anafanya kazi. Kazi yenyewe haikuwepo. Kwa miaka mingi alikuwa amesomea hesabu za mawimbi, zenye michoro na mistari inayopanda na kushuka, na michoro ile sasa hakuweza kuiona wala kuichora. Chuo kilimpa likizo ya ugonjwa, na kichwani alishatunga barua ya kuomba kustaafu. Alikuwa bado hajampata tu mtu wa kumwandikia.

"Mkwe," Bibi Kipaza alimwita siku moja kutoka sebuleni, "hii bahasha nene ya rafiki yako mbona imekaa hapa inakula vumbi? Nikufungulie?"

"Ni makala tu ya hesabu, mama. Alinitumia mwenzangu niliyesoma naye. Haina maana tena."

"Haina maana kwako au kwangu?"

Mhadhiri akacheka bila kutaka. Alieleza kwamba ana programu ya kompyuta inayosoma maandishi, lakini ikifika kwenye alama za hesabu inababaika, inaruka mstari mzima au inataja herufi ovyo.

"Basi nitasoma mimi," akasema bibi. "Mimi nimesoma majina ya stesheni ambayo hata mkuu wa reli hawezi kuyatamka. Sogeza kiti."

Ndivyo walivyoanza. Mwenzake alikuwa ameambatanisha maneno machache: *Ndugu yangu, hesabu hii haihitaji mchoro. Mtu anaweza kutembea nayo kichwani. Ijaribu.* Bibi aliyasoma hayo vizuri kabisa. Ukurasa wa kwanza wa makala yenyewe, ambayo kwa bahati ilikuwa imeandikwa kwa lugha wanayoijua wote wawili, alikwama mstari wa tatu.

"Hapa pana M iliyoanguka ubavu."

"Iliyoanguka ubavu?"

"Imelala kabisa. Chini yake pana kiherufi kidogo, na juu yake kingine, kama imebeba mtoto."

"Aaa, hiyo ni alama ya kujumlisha, mama. Endelea."

"Halafu miwani imelala."

"Hiyo ni alama ya hesabu isiyo na mwisho."

"Haya. Halafu kuna nne, na baada yake mshangao." Akavuta pumzi. "NNE!"

Kikombe kilitetemeka kwenye sahani. Mhadhiri akaeleza kwamba katika hesabu mshangao si mshangao, maana yake ni kuzidisha nne kwa tatu kwa mbili kwa moja. Bibi akasema ameelewa, lakini kilichoandikwa kwa mshangao kitasomwa kwa mshangao, yeye hawezi kuvunja kanuni za kazi. Na kweli, jambo hilo likawa msaada. Mhadhiri alikuwa akisikia kelele anajua hapo ni kuzidisha, hana haja ya kuuliza.

Siku ya tatu au ya nne bibi aliweka karatasi chini.

"Sikiliza, baba. Nikisoma kitu nisichokielewa nasinzia. Stesheni nilijua treni inakwenda wapi. Hii inakwenda wapi?"

Muda ulikuwa umepita tangu mtu amwombe mhadhiri aeleze kitu. Watu walimwuliza kama amekula, kama amelala, kama anahitaji kushikwa mkono. Akajikohoza, akajiweka sawa kitini, na bila kujijua akarudi kwenye sauti yake ya darasani.

"Chukulia watu wanne wamekaa kwenye meza ya duara. Tunataka kila mmoja ahamie kiti kinachofuata. Lakini sheria ni moja tu: wanainuka wawili kwa wakati mmoja, wanabadilishana viti. Wawili tu. Mabadilishano matatu yanatosha, pungufu ya hapo hayatoshi. Swali ni hili: kuna njia ngapi za kufanya mabadilishano hayo matatu?"

"Ngapi?"

"Kumi na sita. Wakiwa watatu, njia ni tatu. Wakiwa watano, mia na ishirini na tano."

"Inaruka hivyo?"

"Inaruka hivyo. Sasa sikia kitu kingine kabisa, ambacho ukisikia utasema hakihusiani. Unasikia magari hapo nyuma asubuhi?"

Nani asingeyasikia. Ile barabara ndogo ilikuwa ya kwenda upande mmoja tu, na wafanyakazi wa hospitali waliegesha magari yao ubavuni mwake. Kila dereva alikuwa na nafasi aliyoipenda. Akiikuta iko wazi anaingia. Akikuta imechukuliwa anasogea mbele mpaka apate ya kwanza iliyo tupu. Barabara ikiisha hajapata, anaondoka anatukana. Mhadhiri akaeleza kwamba ukiwa na magari matatu na nafasi tatu, ukaorodhesha matakwa yote ya madereva ambayo kwayo mwishowe kila mmoja anaegesha, hakuna anayefukuzwa, unapata kumi na sita. Kwa magari mawili, tatu. Kwa magari manne, mia na ishirini na tano.

"Zile zile!" Bibi akasema, na safari hii mshangao ulikuwa wa kweli.

"Zile zile. Na si kwa bahati. Vipe viti namba. Katika kila mabadilishano, tazama kiti chenye namba ndogo kati ya viwili. Hicho ndicho nafasi anayoitaka dereva. Mabadilishano ya kwanza ni dereva wa kwanza, ya pili wa pili, na kuendelea. Kila njia ya kubadilishana viti ina foleni yake ya magari, na kila foleni ina njia yake. Wala hazigongani."

"Kwa hiyo mtu alikaa akagundua kwamba viti na magari ni kitu kimoja."

"Watu kadhaa, mama. Miaka mingi tu."

"Mungu awape afya. Haya, tuendelee, sasa sitasinzia."

Kuanzia hapo asubuhi zikawa na umbo. Siku moja mkewe alirudi kutoka zamu ya usiku akawakuta mezani, mmoja akinguruma kama stesheni na mwingine amefumba macho anatikisa kichwa. Akasimama mlangoni na viatu mkononi, hakutaka kuwakatiza. Baadaye alimwambia mumewe kwamba siku ile alikwenda bafuni akalia kidogo, kisha akalala usingizi mzuri kuliko wote wa mwaka ule.

Sehemu ya pili ya makala ndiyo iliyomtoa mhadhiri jasho. Hapo mtu mmoja haketi mezani. Amewekwa kando kwenye kiti chake mwenyewe. Wa mezani lazima wahamie kila mmoja kiti kinachofuata, na huyu wa kando mwishowe lazima awe amerudi kwenye kiti kile kile cha kando. Mfano mdogo kabisa ulikuwa wa watu watatu: wawili mezani, mmoja kando, mabadilishano matatu. Makala ilisema njia ni nane. Mhadhiri alihesabu kichwani akapata tisa.

Akahesabu tena. Tisa. Akahesabu akioga, akahesabu akila, akapata tisa. Siku zikapita. Taratibu moyo ukaanza kumvimba: huenda makala imekosea, na yeye, kipofu aliyejitungia barua ya kustaafu kichwani, ndiye aliyeligundua kosa. Alimwambia mkewe. Mkewe akasema "hongera", kwa sauti ya mtu anayetaka kuona kwanza.

"Mimi siamini mpaka nione," Bibi Kipaza akatangaza Jumamosi, wote wakiwa nyumbani. "Leteni viti."

Wakapanga. Bibi na binti yake muuguzi wakakaa mezani wakitazamana. Mhadhiri akawekwa kwenye kigoda karibu na dirisha, awe yule wa kando. Mtoto akasimama kuhesabu kwa vidole. Mhadhiri alitaja mabadilishano, na wao wakayatimiza: mara mkewe anamshika mkono anampeleka mezani, naye anakaa kwenye kigoda, mara bibi anakuja kumtoa tena. Waligongana, walikanyagana, mtoto alicheka mpaka akapaliwa. Njia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Walipofika ya nane mhadhiri alikuwa ametokwa na jasho, amezungushwa chumba kizima kama mcheza ngoma.

"Sasa ya tisa," akasema kwa ushindi. "Nyie wawili badilishaneni. Badilishaneni tena. Badilishaneni mara ya tatu."

Zikasikika hatua zao, viti vikakwaruza sakafu mara tatu. Mhadhiri alikuwa bado amekaa kwenye kigoda chake, mikono magotini.

"Mbona mimi mara hii hamkuniinua?" akauliza.

"Hukutuambia tukuinue," mkewe akajibu.

"Ngoja," akasema Bibi Kipaza. Sauti yake ilikuwa imeshuka ghafla. "Ngoja kidogo, mkwe." Karatasi zikachakacha. "Hapa chini ya ukurasa pana maandishi madogo kama mchwa. Niliona ni ya mpiga chapa, nikayaruka." Akasoma polepole, kwa heshima zote za kazi yake ya zamani: "*Tunahesabu tu zile njia ambazo mabadilishano yanawaunganisha watu wote, asibaki yeyote aliyetengwa na wengine.*"

Tisa ikawa nane pale pale.

Siku zote zile za kujipiga kifua! Mdomo ulimwasha mhadhiri kusema neno kali, na kusema kweli alilisema nusu: "Mama, mstari mmoja tu..." Kisha akajizuia. Aliinuka, akapapasa ukuta mpaka chumbani, akafunga mlango.

Bibi hakumfuata. Alikuja baadaye, akagonga, jambo ambalo mama mkwe kwa kawaida hafanyi kwa mkwewe wa kiume, akaongea akiwa upande wa pili wa mlango.

"Baba, nimekosa. Stesheni niliwahi kuruka tangazo moja, abiria wakaenda jukwaa silo. Sikulala. Leo pia sitalala ukininunia. Lakini nakwambia ukweli: hata ungekuwa na macho, maandishi yale ungehitaji darubini."

Kutoka ndani ikasikika sauti kama ya mtu anayekohoa. Alikuwa anacheka. Akafungua mlango.

"Mimi ndiye niliyetaka sana makala iwe imekosea," akasema. "Mtu wa hesabu akipata jibu tofauti, kwanza anajiuliza amesahau nini. Mimi sikuuliza. Nisamehe na wewe."

"Yamekwisha. Lakini niambie kitu, maana kinanisumbua tangu tuko kwenye viti. Huyu wa kando, mtu wa kwanza kabisa kuja kumwinua ni nani? Maana mara nyingine alikuja mwanangu, mara nyingine mimi."

"Mara ngapi wewe na mara ngapi yeye?"

Bibi hakujua. Mtoto, aliyekuwa amehesabu kila kitu kwa vidole, alisema kutoka koridoni kwamba mara nne bibi, mara nne mama.

Mhadhiri alisimama akiwa ameshika kitasa. Haikumjia kama radi; ilimjia kama mtu anayekumbuka mahali alipoweka funguo. Meza ni ya duara. Hakuna kiti cha juu wala cha chini. Kwa hiyo yeyote wa mezani ana haki sawa ya kuwa wa kwanza kumwinua wa kando. Ukizungusha meza, hesabu haibadiliki. Basi si lazima kuhesabu zote. Mchague mmoja awe wa kwanza, hesabu hizo tu, kisha zidisha kwa idadi ya waliokaa mezani. Nne kwa mbili, nane. Na hizo nne alizijua: zilikuwa sawa na foleni za magari matatu za aina fulani ya pekee, ambamo kati ya kila nafasi na inayofuata lazima yuko dereva aliyesukumwa mbele, kiasi kwamba barabara huwezi kuikata popote. Kilichobaki ni kuonyesha kwamba inakuwa hivyo hivyo daima, watu wawe wangapi, kila njia ikipewa foleni yake.

Kilichobaki hicho kilimla miezi. Jumla yenyewe ilishajulikana na waliomtangulia. Alichokitafuta ni njia ya kuilinganisha kitu kwa kitu, bila fomula ndefu, njia ambayo mtu anaweza kuisimulia kwa mdomo tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu yeye hakuwa na nyenzo nyingine zaidi ya mdomo. Alikosea mara nyingi. Kila alipopata wazo alimweleza bibi, na alipokwama katikati ya maelezo alijua pale ndipo palipooza. Bibi hakuwa akimsahihisha. Alisema tu, "Hapo umeharakisha," kama ambavyo angemwambia dereva wa treni, na mara zote alikuwa ameharakisha kweli. Mwishowe maelezo yakapita kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kujikwaa. Bibi akaandika kwa kalamu yake, mhadhiri akitaja, na mwenzake wa mbali akayapiga chapa vizuri.

Mwenzake huyo akamfanyia na hisani nyingine. Alimpigia simu mkuu wa idara, na mkuu wa idara akaja nyumbani yeye mwenyewe, akakaa sebuleni akisikiliza. Alipoondoka aliomba jambo moja: mhadhiri aje kuwaeleza wenzake chuoni.

Siku hiyo alivaa shati lililopigwa pasi. Ukumbi mdogo ulinukia chaki na rangi mbichi. Alijua wenzake wamejaa kwa jinsi viti vilivyokuwa vikilia. Bibi Kipaza alisimama ubaoni, kwa kuwa ndiye pekee aliyeweza kuandika kile ambacho mhadhiri angekitaja bila kuuliza mara mbili.

"M iliyoanguka, mama," akasema katikati ya maelezo, na ukumbi ukaangua kicheko, naye akacheka nao. Hofu ilimtoka hapo. Alieleza viti, akaeleza magari, akaeleza habari za mtu wa kando na yule wa kwanza kumwinua. Aliulizwa maswali magumu mawili. Moja alilijibu, la pili akakiri hajui. Walipopiga makofi, alitafuta kwa mkono bega la mama mkwe wake, akaligeuza kidogo kuelekea yalikotoka makofi.

Makala ilikubaliwa baada ya kurekebishwa mara mbili. Muhula uliofuata alirudishiwa darasa moja, la hesabu za kupanga na kupangua, na wanafunzi wakapokezana kumwandikia ubaoni. Ile barua ya kustaafu hakumsomea mtu yeyote. Chuo kilimpatia pia mwalimu wa kumfundisha kutembea na fimbo, na ndani ya muda si mrefu alivuka barabara ya hospitali peke yake, akimpelekea mkewe chakula cha mchana, akijidai kidogo.

Ndipo binti mwingine wa Bibi Kipaza akajifungua mapacha katika mji wa mbali, na kipaza kikahitajika huko.

Mhadhiri aliandaa maneno ya kumuaga. Aliyapanga kama anavyopanga hoja, hatua kwa hatua: atamshukuru kwa kumfungulia bahasha, kwa kukataa kusinzia, kwa kugonga mlango siku ile, kwa kumwomba aeleze wakati watu wote walikuwa wakimwonea huruma. Alitaka kumwambia kwamba amepata mama wakati alidhani amepata mkwe tu. Kituoni, mizigo ikiwa imeshapakiwa, alimshika mikono yote miwili akaanza:

"Mama, kuna mambo nataka..."

"Mkwe, basi linaondoka!"

"Mambo machache tu..."

"Utanipigia! Kula vizuri. Mwambie mtoto asiache kuhesabu!" Na akapanda. Sauti yake ikasikika ndani ya basi akimpanga abiria mmoja aliyekalia kiti chake.

"Asante," mhadhiri akasema. Ndilo neno pekee lililopata nafasi.

Walirudi kwa miguu, yeye na mkewe, fimbo mkono mmoja na mkono wa mkewe kwenye mwingine. Njia nzima alimsimulia maneno yote aliyokuwa ameyaandaa, bila kuruka hata moja. Mkewe alisikiliza. Walipofika mlangoni alimwambia, "Mpigie sasa hivi, umwambie hayo hayo, kabla basi halijafika mahali pasipo mtandao." Mhadhiri akakaa kwenye ngazi, akatoa simu mfukoni, akapiga.

"Halo!" ikajibu sauti, na wapita njia wawili wakageuka kutazama. "Nani huyo?"

"Ni mimi, mama. Hukunisikiliza pale kituoni."

"Sasa nina safari nzima mbele yangu, baba. Haya sema, nakusikiliza."